Kumi na Mbili kwa Ishirini

Nilirudi Bukavu kumzika Tantine Adèle, lakini nilichelewa siku mbili. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na watu wa kilio walikuwa wamepungua; waliobaki walikaa kwenye viti vya plastiki katika ua wa nyumba yake, mtaa wa Nyalukemba, wakiongea mambo ya kawaida kama watu wanavyofanya machozi yakiisha. Ndivyo nilivyo mimi, wa kuchelewa kufika na kuwahi kuondoka. Nimekaa Kampala, Uvira, Lubumbashi, tena Uvira, kisha Kalemie, na kila mji niliuacha siku nilipoanza kujua majina ya wauza mboga wake. Nsimire, rafiki yangu na mpwa wa Tantine, alikuwa karibu na mlango wa jiko, amevaa kitenge ambacho familia nzima ilishona kwa mazishi. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisimama polepole, kwa sababu amenenepa na magoti yake yameanza kulalamika, akanishika mabega yote mawili, akaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu. "Francine, njo weye?" akasema. "Umekonda. Kule unakaaka hakunaka bugali?" Kisha akanivuta ndani, sebuleni, akaniwekea sahani ya bugali, sombe ya majani ya mihogo na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, akakaa mbele yangu kuhakikisha ninakula.

Nilikula huku nikitazama chumba. Mwaka ninaotaka kuueleza hapa ulipita karibu wote ndani ya chumba hicho, na sikutegemea kukikuta kimebadilika kidogo hivyo. Viti vya mbao vilikuwa vile vile, na juu ya migongo yake vitambaa vyeupe ambavyo Tantine alifuma mwenyewe akiwa zamu ya usiku hospitalini, maana alikuwa muuguzi. Kalenda ya parokia ilikuwa ukutani, ya mwaka huu, imetundikwa kwenye msumari wa zile za zamani. Pazia la kuelekea ua wa nyuma bado lilikuwa fupi, halifiki chini, kwa hiyo unaona miguu ya anayepita lakini humwoni uso. Tulikaa pale kila Nsimire aliposhuka mjini, Jumamosi moja na kuruka moja, yeye akiwa na miaka ishirini na sita na mimi ishirini na tatu, tukilinganisha vyuo kama watu wanavyolinganisha nguo sokoni: unaigeuza, unavuta mshono, unairudisha, unaiomba tena.

Nsimire alikuwa amesoma miaka miwili katika taasisi moja ya hapa mjini, sehemu ya Kiingereza. Ulibaki mwaka mmoja apate graduat, shahada ya miaka mitatu, halafu miwili mingine ya licence, shahada kamili. Kisha akapata nafasi ya kufundisha Bunyakiri, mbali na mji, na mtu anayefundisha Bunyakiri hawezi kuhudhuria darasa Bukavu, hasa mvua inapokuwa imeamua ni nani apite barabarani na nani alale njiani. Akaacha masomo, akisema ni mwaka mmoja tu, na mwaka ukawa mitatu. Masista wenye shule walimweleza waziwazi kwamba wanamuona kama prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, wa baadaye, lakini kiti hicho kinataka licence. Nilidhani ndicho alichokitaka. Siku moja nilimwambia hivyo akanikatalia. "Kiti iko kiti tu," alisema. "Mimi nilikaa miaka mbili nasoma. Nilipita mitihani yote. Sasa niende nianze tena G1, mwaka ya kwanza, pamoja na batoto? Ile miaka iko wapi? Banaiweka wapi?" Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe mwaka ule wote: kutafuta mahali ambapo miaka miwili ya Nsimire ingehesabiwa kuwa miaka miwili.

Mimi sikuwa na miaka ya kuhesabiwa. Nilikuwa na diploma ya sekondari na Kiingereza nilichokiokota Kampala, nilikokwenda kutembea wiki mbili nikakaa miezi minane. Kiingereza cha Nsimire kilikuwa cha vitabu, kizuri, lakini cha pole. Changu kilikuwa cha haraka na bila adabu, na katika siku zile haraka ilionekana kuwa akili. Nilifanya kazi ya kuandika barua za watu katika cyber, duka la intaneti, la barabara kubwa, na ni pale nilipokuta ukurasa ambao mteja aliuacha kwenye mashine ya kuchapa. Ulieleza kwamba kuna vyuo vya mbali vinavyofundisha kwa posta na kwa kompyuta, na kwamba vingine vinapokea masomo uliyoyamaliza kwingine, wanayapima kwa kitu wanachokiita krediti, na ukishajaza nusu ya krediti kwa masomo ya zamani unabakiza nusu tu kufika licence. Nilimpelekea Nsimire ukurasa ule Jumamosi iliyofuata. Aliusoma mara tatu. Halafu akatoa daftari la shule, akapiga mistari kwa rula, na kwa mwandiko wake wa ubaoni akaandika maswali juu ya kila safu. Chuo kinatambuliwa na nani? Kinapokea nini kati ya nilichosoma? Mtihani nitakaa wapi, mbele ya nani? Na la mwisho, ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: Kinshasa, wizarani, wataikubali karatasi yake?

Tulianza na vyuo vingi tukabaki na vitatu, ambavyo tulivipa majina ili tusichoke kutamka ya kwao. Cha kwanza tulikiita Mkarimu. Ulikuwa hujamaliza kuandika, tayari kimekujibu. Kilikubali miaka yote miwili ya Nsimire bila kuomba karatasi, kilikubali pia miaka mitatu ya kufundisha Bunyakiri kama masomo, na kiliahidi kwamba miezi sita ingetosha. Cha pili kilikuwa Jirani, kwa kuwa kilikuwa nchi ya pili tu kutoka hapa na kilikuwa na kituo cha mitihani ng'ambo ya mpaka. Jirani kilikuwa cha kweli, walimu wenzake Nsimire wawili walikuwa wanakisoma, lakini hakikupokea somo hata moja la nje: kila mtu mlango wa mbele, mwaka wa kwanza. Cha tatu tulikiita Mgumu, chuo cha mbali kabisa, ng'ambo ya bahari mbili. Chenyewe kilisema kinaweza kupokea hadi nusu ya shahada, lakini kwanza kilitaka karatasi ya pointi, ile tunayoita releve, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri na taasisi yenyewe. Kilitaka tafsiri yake. Kilitaka idadi ya masaa ya kila somo, maana kwa hesabu yao masaa kumi na tano darasani ni krediti moja. Na kilitaka maelezo ya kile kilichofundishwa, somo kwa somo.

Mimi nilikuwa upande wa Mkarimu. Nilisema wazi: mtu anakufungulia mlango, wewe unamuuliza umri wa bawaba. Nsimire aliendelea kuandika, na aliyenijibu hakuwa yeye. Nyuma ya pazia fupi, uani, wanawake wa shirika la Tantine, jumuiya yake ya kanisa, walikuwa wanachambua maharagi ya sherehe ya parokia, na kwa kuwa sebule haikuwa na siri walikuwa wanatufuata neno kwa neno. Maman Georgette, jirani mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hajawahi kuuza samaki, akauliza juu yetu sisi wasichana, "Bale banyere, bako nachagua masomo ao bwana?"

"Masomo," Tantine akajibu.

"Iko namna moja. Bwana mwenye anakubali kila kitu mbele ya kukuona, ule iko na bibi ingine mahali."

Wakacheka. Mwingine akauliza kuhusu yule anayeomba muhuri na bahasha. "Anaomba na cheti ya ubatizo?"

"Anaomba yote," Tantine akasema.

"Basi ule njo anataka kuoa," Maman Georgette akamaliza, na maharagi yakaendelea kudondoka kwenye sufuria.

Nsimire alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha, bila kucheka tena, akaniomba niwaandikie Mkarimu swali moja: ni mwalimu gani atakayesoma kazi zangu? Niliandika Jumatatu. Jibu lilikuja siku ile ile, refu, lenye rangi, likieleza jinsi ya kulipia na jinsi diploma itakavyofungwa kwenye karatasi ngumu isikunjike njiani. Hakukuwa na jina la mwalimu hata mmoja. Aliposhuka tena Nsimire alisoma jibu akafuta safu ya Mkarimu kwa mstari mmoja ulionyooka. "Kama wanapokea kila kitu," alisema, "basi hawajasoma kitu." Nimesikia watu wenye shahada tatu wakisema mambo marefu juu ya thamani ya elimu, na sijasikia lililolipita hilo. Lakini siku ile niliona tu kwamba miezi sita imegeuka kuwa njia ndefu, na mimi njia ndefu sijawahi kuipenda isipokuwa ya kuondoka.

Basi tukamchagua Mgumu, na miezi iliyofuata ikaenda kwenye makaratasi. Ofisi ya taasisi inayotunza mafaili ya wanafunzi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, na nyuma ya dirisha mzee mpole aliyependa kutafuta faili huku akisimulia habari za wenye mafaili mengine. Alitupatia releve mbili, moja wazi ya kwetu, nyingine ndani ya bahasha, na muhuri akaupiga juu ya mdomo wa bahasha mara nne, kila kona, kama mtu anayepigilia misumari. Maelezo ya masomo yalikuwa kazi zaidi. Kwetu hapakuwa na kitabu cha kueleza masomo. Mwalimu alikuwa na silabasi yake, fotokopi iliyobanwa pembeni, unainunua, unaikariri, basi. Nsimire alikuwa amezitunza zote ndani ya sanduku chini ya kitanda cha Tantine, ila moja ilikuwa imeishia kwa muuza karanga wa kona, kurasa zake zimekuwa vifuko. Tulilazimika kwenda mtaa wa Muhumba, kwa binti aliyesoma naye, katika nyumba yenye mlinzi na majani yaliyokatwa sawasawa. Mama mwenye nyumba alituweka barazani, akatuletea juisi ya maracuja, akatuomba silabasi isitoke nje ya ua wake. Tukainakili kwa mkono mchana mzima, Nsimire akisoma, mimi nikiandika, na ninakumbuka kwamba katikati ya kusoma alisimama akasema, "Hii nilikuwa naifahamu vizuri kweli," kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani barabarani.

Tafsiri ya releve niliachiwa mimi. Nsimire alikuwa amerudi Bunyakiri na tulitaka kila kitu kiwe tayari akishuka. Nilikaa cyber asubuhi moja kabla wateja hawajaja, releve upande wa kushoto wa kompyuta, na nikaanza. Majina ya masomo yalitafsirika bila shida. Nikafika kwenye pointi. Sasa ni lazima nieleze pointi za kwetu kwa asiyezijua. Hapa mwalimu anakupa pointi kwa ishirini, na siku ya kwanza anakuambia kwamba ishirini ni ya Mungu, kumi na nane ni ya mwalimu mwenyewe, na wewe piganie kumi. Ukipata kumi na mbili unakwenda nyumbani umetulia. Ukipata kumi na nne wanataja jina lako, wanasema distinction, na nyumbani wanachinja kuku. Nsimire alikuwa na kumi na mbili nyingi, kumi na moja kadhaa, kumi na tatu, na chache za juu. Ilikuwa releve nzuri, kila mtu wa Bukavu angeiona akasema huyu binti anasoma. Lakini kwenye ukurasa wa Mgumu nilikuwa nimeona kwamba somo linapokelewa likiwa na sabini kwa mia au zaidi, na kumi na mbili kwa ishirini, ukiipandisha kwa mia, ni sitini. Nilipiga hesabu mara mbili. Kwa macho ya watu wale, karibu masomo yote ya rafiki yangu yalikuwa yameanguka.

Nimejaribu mara nyingi, katika vyumba vya miji mingi, kukumbuka kama nilisita. Nadhani sikusita. Nilijiambia kwamba kumi na mbili ya kwetu kwao ni sabini na nane, kwa sababu mwalimu wao hampi Mungu pointi. Na kama nimetafsiri neno, kwa nini nisitafsiri na namba? Hakuna mtu kule, niliwaza, anayesoma Kifaransa, na hata tarakimu niliziona kama ni Kifaransa. Nikabadilisha pointi za masomo kumi na manne. Sikuziona kuwa uongo. Niliziona kuwa tafsiri, na tena nzuri, ya mtu anayejua nchi mbili. Nilipomaliza nilijisikia kama nimembeba Nsimire mgongoni nikamvusha mto. Sikumwambia, kwa kuwa yeye angeuliza maswali. Jumamosi alisaini mahali nilipomwonyesha, akaifunga tafsiri pamoja na bahasha ya muhuri, tukavuka mto Ruzizi, mpakani, kwa miguu kwenda kutuma upande wa pili, na tuliporudi tulinunua mahindi ya kuchoma tukala tukipanda mlima, naye akahesabu kwa sauti atakuwa na miaka mingapi akimaliza.

Jibu lilikuja mwisho wa msimu wa mvua, kwenye anwani ya barua pepe niliyoifungua mimi, kwa hiyo nililisoma peke yangu. Lilikuwa la heshima. Walisema tafsiri haifanani na releve iliyomo ndani ya bahasha katika sehemu kumi na nne, kwamba mtu wao anayesoma Kifaransa amezipitia zote, na kwamba kwa sababu hiyo faili limefungwa na halitafunguliwa tena. Chini waliambatanisha mwongozo wao kwa waombaji wa nje. Nilikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa na kurasa nyingi na mtandao wetu ulikuwa wa kuvuta kamba. Ukurasa wa kwanza ulifunguka, wa pili ukaganda, nikaacha. Sasa niliungoja. Katika ukurasa wa sita waliandika kwamba ile sabini ni ya wanafunzi wa nchi yao, na kwamba anayetoka nje aache pointi zake kama zilivyo, kwani wanajua kila nchi inavyotoa pointi na watazisoma kwa kipimo cha nchi hiyo. Walikuwa na jedwali. Nchi yetu ilikuwemo. Kumi na mbili ilikuwemo, na pembeni yake waliandika: inapokelewa.

Nsimire alishuka Jumamosi ile akiwa na tope mpaka magotini. Tantine alikuwa amepika sambaza. Nilimngoja anawe, akae, na nikasema, "Wamejibu. Wanasema pointi hazitoshi."

"Kumi na mbili haitoshi?"

"Haitoshi."

"Hata moja?"

"Wamekataa zote."

Hakulia. Alikula sambaza zake moja moja, pamoja na vichwa, mpaka sahani ikawa nyeupe. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Kumbe tulikuwa tunadanganyana hapa." Alimaanisha taasisi, walimu, mzee wa dirishani, Mungu na ishirini yake, kila kitu kilichomwambia kwamba alikuwa anasoma. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana, ungeweza kuingiza gari. Nikakusanya sahani. Nilipopeleka vyombo jikoni Tantine alikuwa amesimama kando ya babula, jiko la mkaa, ananingoja. "Ile barua, uliisoma muzuri?" akauliza. Nikasema niliisoma. Aliniangalia kama alivyokuwa anawaangalia wagonjwa wanaosema wamemeza dawa. "Basi," akasema, akachukua sahani. Mwezi uliofuata Nsimire alijiandikisha Jirani, mwaka wa kwanza, mlango wa mbele, na mimi nikaondoka kwenda Uvira. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya kazi. Ninaposema kwamba mwaka ule ndio ulionitengeneza, simaanishi jambo zuri. Nilijifunza kwamba ukiondoka mapema hakuna anayekuuliza, na somo hilo nimelirudia bila kufeli hata mara moja.

Yote haya nilikuwa nayatafuna siku ya kilio, pamoja na bugali, wakati Nsimire aliponisimulia yaliyofuata. Alimaliza Jirani kwa miaka sita, maana mitihani aliikaa likizo kwa likizo. Sasa ni prefe, watu wanamwita Maman Prefe hata sokoni. Alisema miaka miwili ya kwanza ilikuwa migumu kuliko yote, si kwa sababu ya masomo. "Nilikuwa najua majibu," alisema. "Naandika, najua, na moyo haiko pale. Ile kitu ya kufurahia haikurudiaka." Kisha akanyoosha kidole kuelekea pazia. Chini yake ilionekana miguu ya mwanamke aliyekuwa anasuuza vikombe. "Ule ni Clarisse, mwalimu wangu wa Kiingereza. Amenisindikiza. Iko na miaka mbili ya masomo pale pale kwenye taasisi yetu, za ile mutindo ya zamani, mbele haijaanza hii mambo ya krediti hata hapa. Alikuja kuniuliza juu ya vyuo vya mbali. Nikamuambia asijisumbue, ile pointi yetu hakuna mwenye anaipokea, mimi nilishajaribu. Mwezi unaokuja anaanza tena mwaka ya kwanza."

"Umewaambia wengine?" nikauliza.

"Wenye walikuja kuniuliza, ndiyo. Saba. Nane. Juu ya nini unauliza?"

Ningeweza kumaliza chakula na kuondoka bila kusema. Boti yangu ya Kalemie ilikuwa inaondoka Uvira Jumatatu. Nilisukuma sahani, nikamweleza: asubuhi ile cyber, sabini kwa mia, sehemu kumi na nne, mtu wao anayesoma Kifaransa, ukurasa wa sita. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kujikata, lakini niliyasema yote. Nje mtu alicheka juu ya jambo jingine. Nsimire alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake na alikuwa anaikunja na kuikunjua.

"Somo ya fonetike uliweka ngapi?" akauliza hatimaye.

"Tisini na mbili."

"Nilikuwa na kumi na sita." Alisema polepole, kama anamfundisha mtoto. "Kwa mia iko makumi munane. Ile ilikuwa inatosha. Ile nilipiganaka nayo. Juu ya nini na ile uliigusa?"

Nadhani asubuhi ile nilikuwa nimeshashika kasi. Nilisema nisamehe, na neno likakaa mezani katikati yetu kama kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Alisimama, akaenda dirishani, na wanawake wa uani wakamaliza habari nzima ya bei ya mkaa. Kisha, bila kugeuka, akaita, "Clarisse, mama, kuya hapa." Clarisse akaingia akijifuta mikono, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza. "Huyu Tantine Francine ana neno la kukuambia," Nsimire akasema. "Muambie yote. Sawa vile umeniambia mimi. Usikate."

Nikamwambia yote. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Clarisse hakunijua na hakuwa na sababu ya kunionea huruma. Alisikiliza amesimama. "Kwa hiyo haikuwa kumi na mbili njo walikataa?" akauliza.

"Hapana. Walikataa mkono wangu."

Alimwangalia Maman Prefe wake. Nsimire alitikisa kichwa kukubali, mara moja, na nikaona kilivyomgharimu, maana alikuwa anakubali mbele ya mwalimu wake kwamba alichowafundisha watu wanane kwa uhakika hakikuwa kweli.

Jumatatu sikupanda boti. Hakuna aliyeniomba nibaki, na hakuna aliyesema niende. Jumanne mchana Clarisse alikuja na releve yake ndani ya plastiki na simu yenye mwongozo mzima wa chuo kile, kurasa zote, zimefunguka kwa dakika moja. Naye alikuwa amepiga mistari ya vyuo vitatu kwenye karatasi. Maswali ya juu ya safu yalikuwa karibu yale yale, ameyaandika bila kuambiwa. Aliniomba nimtafsirie. Nikamwambia aandike mwenyewe, mimi nitasoma nyuma yake neno kwa neno, na pale nisipojua nitasema sijui. Akaandika jina lake, jina la taasisi, jina la somo la kwanza. Akafika kwenye pointi akainua kalamu. Ilikuwa kumi na moja.

"Hii niandike namna gani?"

"Sawa vile iko," nikasema.

Nsimire alikuwa dirishani anasoma makaratasi ya shule yake. Alinyanyuka, akakibeba kiti chake, akaja kukaa upande wa meza ambao angeweza kuona mikono yangu.